Umeweka 1JZ kwenye Mark II ya zamani na gari linasumbua: anzia wapi kutafuta

Injini ilijaribiwa sakafuni pale dukani, ikaunguruma vizuri mbele ya macho yako. Ikapakiwa, ikafika gereji, ikaingia kwenye gari pamoja na gia boksi yake, na sasa mambo hayaeleweki. Fundi anafuta mikono na kitambaa, anakuangalia, anasema: "Bosi, hii injini uliyouziwa ni mbovu." Inatokea, ndiyo. Lakini injini iliyowaka jana haifi kwa kupanda pikapu. Vilivyobadilika tangu jana ni waya, ethi (njia ya umeme kurudi betri), mabomba, mauntingi (vishikio vya injini) na propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), yaani kila mahali ambapo kitu cha gari moja kimeungana na kitu cha gari jingine. Tafuta huko kwanza. Ukimaliza huko bila kupata kitu, ndipo umlaumu muuzaji.

Nitatumia mfano mmoja unaojulikana: Toyota Mark II GX90 au GX100, gari lililokuja na injini ya 1G-FE ya lita 2.0, linawekewa 1JZ-GE ya lita 2.5 na gia boksi yake ya oto, A340E. Uzuri wa mfano huu ni kwamba Toyota wenyewe waliuza bodi hiyohiyo ikiwa na 1JZ, kwa majina ya JZX90 na JZX100, kwa hiyo mauntingi, propela na rejeta za kiwandani zipo sokoni. Huna sababu ya kumruhusu mtu aanze kuchomelea vyuma. Chaser na Cresta za miaka hiyo ni ndugu wa damu, na mengi ya hapa yanafaa pia kwa Toyota nyingine za miaka ya 1990.

Vifaa ni vichache: malti mita, taa ya kujaribia, kipande cha waya, na mchoro wa waya wa gari ilikotoka injini. Hicho cha mwisho ndicho watu hukidharau. Na iwe unanunua kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, chukua injini pamoja na kontroli boksi yake (kompyuta ya injini) na wayaringi (mtandao wa waya) iliyochomolewa kwenye soketi. Wayaringi iliyokatwa kwa msumeno ni wiki nzima ya kubahatisha rangi za waya.

Unapiga stata, kimya

Kwenye gari la oto, mshukiwa wa kwanza ni swichi iliyo ubavuni mwa gia boksi, ile inayoruhusu stata kwenye P na N tu. Peleka lever kwenye N ujaribu tena. Ikipiga kwenye N na kukataa kwenye P, swichi imekaa vibaya au fimbo ya lever haijarekebishwa. Legeza, sogeza, kaza. Ikikataa kote, mtu mmoja ashike ufunguo, wewe weka taa ya kujaribia kwenye waya mwembamba wa stata. Taa ikiwaka na stata imelala, tatizo ni stata yenyewe, waya wake mnene au ethi. Taa isipowaka, rudi nyuma: swichi ya gia, relei, ufunguo.

Ikizunguka kwa uzito, kama betri imechoka wakati betri ni nzima, usinunue betri. Pima ethi. Weka malti mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye bloku ya injini, nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri, halafu mtu apige stata. Usomaji ukizidi nusu volti, umeme unapata taabu kurudi. Ule mkanda wa waya unaounganisha injini na bodi mara nyingi hubaki kwenye injini ya zamani, ukaondoka nayo kwenye vyuma chakavu. Ethi ikikosekana, umeme hujitafutia njia nyingine ya kurudi, na nimeona waya wa akselereta ukitoa moshi kwa sababu hiyo. Geji zinazorukaruka na taa zinazofifia ukiwasha feni ni dalili za ugonjwa huohuo.

Ikigoma kuzunguka kabisa, hata kwa spana kwenye boliti ya krenki, acha kulazimisha. Kama ilikuwa inazunguka kabla ya kufungwa gia boksi, ruka hadi kwenye sehemu ya gia boksi hapa chini.

Inazunguka lakini haiwaki

Washa ufunguo bila kupiga stata, uangalie taa ya cheki injini. Lazima iwake. Isipowaka, na balbu ni nzima, kontroli boksi haijaamka: haipati umeme wa kudumu, au haipati umeme wa ufunguo kupitia relei ya EFI (mfumo wa umeme wa kunyunyizia mafuta), au ethi zake hazijafungwa kwenye injini. Ethi hizo ni vijiwaya vyenye jicho vinavyofungwa kwa boliti kwenye intek manifoldi, na ndivyo vinavyosahaulika kuliko kitu chochote katika kazi hii.

Ikiwaka, iulize inalalamika nini. Fungua kile kisanduku cha uchunguzi ndani ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa ufunguo, hesabu mipepeso ya taa. Soma vizuri herufi zilizoandikwa kwenye kifuniko kabla ya kuchomeka, maana kuunganisha +B na E1 ni kuunguza. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, haina malalamiko. Kodi 12 au 13 ina maana haisomi mzunguko wa injini, yaani sensa ya krenki au ya kamu, au soketi zake. Kodi 14 ni ishara ya moto hairudi kutoka kwenye igniter, kifaa kinachoendesha koili. Kodi 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni ya hewa inayoingia, 41 ni ya throto. Baada ya kubadilisha injini, kodi hizi kwa kawaida zinazungumzia soketi isiyochomekwa au iliyochomekwa pasipo pake. Kagua soketi kabla ya kununua sensa.

Mafuta: kwenye kisanduku hichohicho unganisha +B na FP, ufunguo ukiwa umewashwa. Pampu inapaswa kunguruma na utahisi presha kwa kubana mpira wa mafuta. Ikinguruma hapo lakini gari halipati mafuta ukipiga stata, pampu ni nzima. Kinachokosekana ni amri kutoka kwa kontroli boksi kwenda kwenye relei ya pampu. Waya huo ni mmoja, na ni kazi ya mchoro, si ya kukisia.

Moto: mpangilio wa kuwaka wa 1JZ ni 1-5-3-6-2-4. 1JZ-GE za awali zina distribyuta, na ukiichomoa kusafisha ukairudisha jino moja pembeni, gari litapiga risasi kwenye eksozi na kukataa. Za VVT-i (zenye kamu inayobadili muda wa valvu), zilizokuja katikati ya miaka ya 1990, zina koili tatu, kila moja ikihudumia silinda mbili: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Ikimisi kwa jozi hizo, tazama koili au soketi yake. Ikimisi silinda moja tu, tazama plagi, waya wa plagi au nozeli.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujatoa hela. Ukisikia injini imeandikwa 1JZ-FSE, hiyo ni ya kunyunyizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, ina pampu yake ya presha kubwa na kontroli boksi yake. Haibadilishani na GE hata kama zinafanana kwa umbo. Na injini kutoka magari ya karibu na mwaka 2000 na kuendelea, baadhi zina kontroli boksi inayodai ufunguo wake wenye chipu. Dalili yake ni kwamba inazunguka, pengine inawaka sekunde moja kisha inazima, kila mara vilevile. Hakuna fundi atakayeitibu kwa kubadilisha plagi. Dai ufunguo na kile kiboksi chake kwa muuzaji siku ya kununua, si mwezi unaofuata.

Inawaka, sailensi haitulii

Sailensi, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, ikipanda juu na kugoma kushuka, au ikashuka na kuzima, kuna hewa inaingia isikotakiwa. Gasketi ya throto bodi, mpira wa breki busta, vimpira vyembamba vya vakyumu vilivyobaki vikining'inia bila kazi. Nyunyizia maji kwa chupa ya kupulizia kwenye maungio, injini ikiwa inawaka. Pale sauti itakapobadilika ndipo pamevuja. Wengine hutumia petroli kwa jaribio hili. Injini ya moto na petroli hewani, siwezi kumshauri mtu yeyote.

Kama injini yako hupima hewa kwa sensa ya presha, fuata kale kampira kembamba kutoka kwenye manifoldi hadi kwenye sensa. Kakipasuka au kakibanwa na kibana cha plastiki, gari litakula mafuta na kutoa moshi mweusi huku kila mtu akilaumu nozeli.

Linachemsha

Mara nyingi ni hewa iliyonaswa ndani ya mfumo wa maji. Inua pua ya gari, fungua hita hadi mwisho, jaza polepole, acha injini iwake hadi hita itoe hewa ya moto kabisa na mipira yote miwili ya rejeta ishike joto. Baada ya hapo angalia feni na ile skirti yake ya plastiki. Skirti ya 1G ikikosa kukaa, mafundi huitupa, na feni bila skirti huvuta hewa ya pembeni badala ya kuvuta kupitia rejeta. Foleni ya jijini itakuonyesha tofauti.

Sasa niseme kuhusu thermostati, kwa sababu gereji nyingi kwetu huitoa na kuitupa kwa imani kwamba gari la nchi ya joto haliihitaji. Thermostati ya injini hizi hufunguka karibu na nyuzi 82. Ukiitoa, maji hayafiki joto la kazi, hasa safari ya barabara kuu usiku. Kontroli boksi inaona injini ni baridi, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada. Na kwa gia boksi ya umeme kama A340E ni mbaya zaidi, kwa sababu kontroli boksi hukataza gia ya nne na kukataza konveta (chombo cha oili kinachounganisha injini na gia boksi) kujifunga mpaka maji yapate moto. Mwenye gari anakuja analalamika gia boksi haiingizi ya nne na mafuta yanaisha haraka, anataka gia boksi nyingine. Anachohitaji ni kifaa kidogo cha bei ya chakula cha mchana. Ukitoa thermostati ili kuficha kuchemsha, kuchemsha kutarudi pale pale mlimani.

Gia boksi: gari haliendi, au linaenda vibaya

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, na kosa kubwa hufanyika kabla gari halijawaka.

Konveta lazima iingie yote ndani ya gia boksi kabla ya kuunganisha na injini. Isukume huku ukiizungusha. Itashuka kwa hatua, na kila hatua utaisikia mkononi. Ya mwisho ni pale masikio ya konveta yanapoingia kwenye gia ya pampu ya oili, na ndiyo inayorukwa. Laza rula juu ya mdomo wa kengele ya gia boksi, lile ganda la mbele linaloshikana na injini: vituo vya boliti vya konveta lazima viwe chini ya rula kwa nafasi ya kuonekana. Kisha peleka gia boksi kwenye injini. Pini za mwongozo zikiingia, nyuso mbili zinapaswa kukutana kwa kusukuma kwa mkono. Ikibaki nafasi ya kidole, na fundi akachukua spana kuvuta kwa boliti, mwambie aache. Anavunja pampu. Ikishafungwa vizuri, konveta itazunguka kwa uhuru na itabidi uivute mbele kidogo ikutane na sahani ya fulaiwili. Kama tayari imeigandamiza sahani, toa gia boksi uanze upya, saa hii, si baada ya kuwasha.

Pampu ikivunjika, gari litanguruma kwa mluzi na kukataa kwenda mbele wala nyuma. Injini iliyojifunga baada ya kukaza kengele ni konveta hiyohiyo.

Gari likitembea mita kadhaa kisha likapoteza nguvu, pima oili. Konveta kavu humeza oili nyingi, na kipimo cha baridi hudanganya. Pasha injini, pitisha lever kwenye gia zote ukiwa umekanyaga breki, rudisha P, na pima injini ikiwa inawaka. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yameingia kutoka kwenye kipozeo kilicho ndani ya rejeta. Usiendeshe, hata hadi nyumbani.

Ukiweka D na gari likachelewa kushika, hesabu. Toyota wanataka chini ya sekunde 1.2 kutoka N kwenda D, na chini ya 1.5 kwenda R. Ikizidi, au gia zikiteleza na kubadilika kwa ulegevu, tazama waya unaotoka kwenye throto kwenda gia boksi, kama yako inao. Huo ndio unaopanga presha ya oili. Akselereta ikikanyagwa hadi mwisho, kituo kidogo kilichobanwa kwenye waya kinapaswa kubaki milimita 0 hadi 1 tu kutoka kwenye mdomo wa ala yake. Waya ukilegea, gia huteleza na klachi za ndani huungua ndani ya muda mfupi. Ukikazwa kupita kiasi, gia hubadilika kwa kugonga.

Malalamiko ninayokutana nayo kuliko yote ni haya: gari linaondoka kwa uzito kama lori lenye mzigo wa simenti, likishachanganya linakimbia vizuri. Mwenye gari anaambiwa injini haina nguvu. Jaribu hivi. Ondoka ukiwa umeweka L. Likichomoka vizuri, kisha ukiweka D likawa zito tena, gia boksi haipati umeme kwenye solenoidi zake, yaani vali za umeme zinazobadilisha gia. A340E bila umeme huondoka na gia ya nne kwenye D, ya tatu kwenye 2, na ya kwanza kwenye L. Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa ili usikwame porini. Chomoa soketi ya solenoidi kwa makusudi uendeshe: tabia isipobadilika hata kidogo, umethibitisha. Pima solenoidi namba 1 na 2 kupitia soketi, kila moja hadi ethi: om 11 hadi 15 ni nzima. Zikiwa nzima, fuata waya hadi kwenye kontroli boksi. Taa ya O/D OFF (ya gia ya nne) ikipepesa yenyewe, unganisha tena TE1 na E1, hesabu kodi: 62 na 63 ni solenoidi hizo mbili, 64 ni ya kufunga konveta, 42 na 61 ni sensa za spidi. Sensa ya spidi ikikosa kusoma, gia hubadilika kwa wakati usiofaa, na mshale wa spidi ukilala pamoja nayo una jibu.

Kwa wanaohamia gia za mkono, W58 au R154, machache. Kengele ya gia boksi ya 1G haikai kwenye JZ, usidanganywe. Krenki iliyotoka kwenye oto inaweza kuwa haina beringi ndogo ya katikati inayoshika ncha ya shafti. Bila hiyo gia zitakuwa ngumu kuingia na klachi itapiga kelele. Gia zikikataa injini ikiwaka lakini zikiingia ikiwa imezima, klachi haiachi: hewa kwenye mfumo, au sahani imefungwa kinyume. Kontroli boksi ya oto itaendelea kuzitafuta solenoidi ambazo hazipo na kuwasha taa. Tafuta ya gia za mkono.

Mtikisiko

Simamisha gari, weka N, panda mzunguko wa injini. Likitikisika hapo, ni mauntingi, sahani ya fulaiwili au eksozi inayogusa bodi. Likitulia hapo na kutikisika kwenye kilomita 80 kwa saa, hata ukiweka N huku likiteremka, mshukiwa ni propela. Urefu si sahihi, beringi ya katikati imefungwa upande, au alama za flenji hazikukutanishwa. Propela iliyokatwa na kuchomelewa mtaani bila kusawazishwa itakula oili sili ya nyuma ya gia boksi, kisha krosi, kisha difu. Tafuta ya JZX.

Geji, chaji na kadi

Geji ya joto ina sensa yake, tofauti na ile ya kontroli boksi, kwa hiyo geji iliyokufa haimaanishi gari halijachemsha. Chaji ipimwe kwenye betri: volti 13.5 hadi 14.5. Taa ya chaji isipowaka kabisa ufunguo ukiwa umewashwa, waya mdogo wa jenereta haujafika, na jenereta inaweza kugoma kuchaji. Na kabla ya kuwasha injini kwa mara ya kwanza, chomoa fyuzi ya EFI na upige stata vipande vifupi mpaka taa ya presha ya oili izime.

Namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari sasa si ya injini uliyonayo. Tanzania inabadilishwa TRA (mamlaka ya mapato), Kenya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), na stakabadhi ya muuzaji ndiyo inayokulinda ukisimamishwa barabarani kabla karatasi hazijakamilika. Namba imegongwa kwenye bloku. Ipige picha injini ikiwa bado chini, kwa sababu ikishaingia na manifoldi zake, utaitafuta kwa kioo na tochi.